Kilomita Mia za Sada

Magoti ya Sada yalianza kumsumbua mwaka ule alioacha kuyafanyisha kazi.

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amekaa kwenye baraza moja pale Igogo, nyumba ya tatu kutoka kona ya msikiti, akishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Kisha binti yake Yasmin, muuguzi huko Dodoma, akamtumia mota ndogo ya umeme ya kufunga kwenye cherehani ili mama apumzike. Mama akapumzika kweli. Ilipopita miezi mitano akawa hawezi kuinuka kwenye mswala bila kushika ukuta.

"Mota yako imenizeesha," alimwambia binti yake kwa simu.

"Basi tembea, mama. Nusu saa kila asubuhi inatosha."

Sada akajaribu kutembea. Shida ni kwamba pale Igogo huwezi kupita mlango wa mtu bila kusalimia, na salamu ikishaanza haikatiki mpaka uulizwe habari za Yasmin, za mume, za ile sare iliyobana mabegani. Alikuwa akitoka saa kumi na mbili na nusu na kurudi saa mbili kasoro, na katika muda wote huo amepita nyumba sita. Wiki ya pili akaacha. Aliona anachohitaji ni kitu ambacho kikishaanza kwenda, mtu hawezi kukusimamisha kwa kukuuliza habari za nyumbani.

Baiskeli alijua kuendesha tangu utotoni, alipokuwa akienda likizo kwa bibi yake Misungwi. Upande wa baba walikuwa Wamanyema, upande wa huyo bibi Wasukuma, na kwa Wasukuma baiskeli haijawahi kuwa kitu cha kumshangaza mtu. Kwa hiyo siku moja akaingia mjini, kwenye duka la Iqbal karibu na soko kuu. Iqbal aliuza vipuri vya baiskeli kama baba yake na babu yake, na alimfahamu Sada tangu zamani kwa sababu alinunulia kwake mafuta ya cherehani. Akamtolea baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ya kike, yenye kikapu mbele, keria nyuma na gia sita. Akiwa anakaza nati za mwisho, akatoa kwenye droo kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti, akakifunga kwenye usukani.

"Hii ni ya nini?" Sada akauliza.

"Mita. Inahesabu kilomita ulizokwenda, za siku na za jumla. Haina mteja hapa, Mama Yasmin. Wanaobeba mkaa hawaitaki. Chukua bure."

Kesho yake alfajiri Sada alikwenda mpaka Mkuyuni na kurudi. Alipofika nyumbani aliinama akasoma: 5.3. Alisimama akiiangalia ile namba. Siku iliyofuata alipofika mlangoni ikamwonyesha 5.8, naye badala ya kushuka akageuza, akaenda mpaka kona ya msikiti na kurudi mpaka ikasoma sita kamili. Ugonjwa ulianzia hapo.

Mumewe Bilali, mstaafu wa reli, mtu mpole wa kahawa na magazeti, hakufurahi mwanzoni.

"Mwanamke mzima na ushungi wake, katikati ya malori," alisema.

"Napita pembeni."

"Watu wananiuliza unakwenda wapi."

"Waambie siendi popote."

"Hilo ndilo linalonipa taabu, Mama Yasmin. Nikiwaambia unakwenda sokoni wananielewa."

Ikabidi pale kwenye baraza la kahawa Bilali awe anasema ni amri ya daktari. Daktari mwenyewe hakuwepo.

Sada alijishonea suruali pana ya kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sare, na gauni la kufika magotini lenye mipasuo pembeni ili miguu izunguke. Kofia ngumu akaivaa juu ya ushungi. Njia yake ya kila siku ilikuwa Igogo, Mkuyuni, Butimba mpaka Nyegezi, na kurudi. Watu wa njiani wakamzoea. Kwa kuwa hawakuweza kuamini kwamba baiskeli yenye kikapu na keria inapita tupu, wakaanza kumpa vitu. Mwenye duka la dawa Nyegezi akampa dawa za kifua za dada yake Igogo. Muuza dagaa wa Mkuyuni akampa mfuko wa kupeleka kwa shemeji. Sada alivichukua vyote. Asichokubali ni kusimama. Alipunguza mwendo, akavinyakua mkononi mwao kama mpokea kijiti kwenye mbio, akaendelea.

Mwaka uliofuata, sikukuu ya Idi ilipopita, alikwenda kwa Iqbal kujaza upepo. Iqbal akamsimulia kuhusu binamu yake aliyeko ng'ambo, ambaye kila mwaka hujiwekea idadi ya kilomita za baiskeli na kuitafuta hadi aitimize.

"Ngapi?" Sada akauliza.

"Huyo ni kijana, anakimbilia elfu nane. Mtu kama wewe, mwenye kazi zake, hata elfu tatu ni nyingi sana."

"Elfu tatu," Sada akasema. "Kuanzia leo mpaka Ramadhani ijayo."

Iqbal akacheka. Sada hakucheka. Akairudisha ile jumla kwenye sifuri palepale dukani.

Hiyo ilikuwa ni kama kilomita sitini na tano kwa wiki, na kwa miezi michache ya kwanza zilikuja vizuri. Magoti yakanyamaza. Kwenye mswala akawa anainuka kama msichana. Ila akaanza kuchoka na njia ileile ya Nyegezi, na Juni ya mwaka ule likafunguliwa daraja la Kigongo na Busisi. Mji mzima ulilizungumzia. Kila mtu alikuwa na kisa chake cha kivuko cha zamani: saa ngapi alikaa kwenye foleni, nani alikosa mazishi, nani alijifungua kwenye gari akisubiri zamu. Sada akamwambia Iqbal kwamba anataka kulivuka kwa miguu yake.

"Kwa baiskeli ukifika ng'ambo na kurudi utakuwa umekwenda zaidi ya sabini," Iqbal akasema, akipiga hesabu kichwani.

"Nikipitiliza mpaka hamsini ndipo nigeuze?"

"Utapata mia." Iqbal akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Mia kwa siku moja, Mama Yasmin, hiyo wanaiheshimu hata huko kwa binamu yangu. Tisini na tisa ni safari tu."

Safari ndefu kuliko zote alizowahi kwenda ilikuwa kilomita arobaini na nane.

Akachagua Jumapili moja ya Septemba, kazi zikiwa chache. Alitoka baada ya swala ya alfajiri, ameweka kwenye kikapu chapati mbili, tende, chupa mbili za maji, pampu na viraka vya pancha. Bilali ndiye aliyembebea baiskeli kuishusha ngazi za baraza hadi njiani.

"Ukichoka, panda gari," alisema.

"Nikipanda gari haihesabiki."

"Haihesabiki na nani?"

Sada akakaza mkanda wa kofia, akamuaga.

Pale Mkuyuni alichepuka kidogo kupanda mlimani, kwa sababu alikuwa na gauni la mteja la kupeleka na aliona vibaya kupita karibu asilifikishe. Kurudi barabarani mita ikawa imeongeza kilomita moja na nusu. Akafurahi, hata hizo ni kilomita. Kisha Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, ambako soko lilikuwa linapangwa na hewa imejaa harufu ya nyanya na moshi wa maandazi. Usagara akashika njia ya kulia, ya kwenda Kigongo. Malori yalikuwa machache bado, barabara laini, na mawe makubwa ya kule yalikuwa yanaanza kushika rangi ya jua. Aliimba kidogo, peke yake.

Darajani alipita kwenye njia ya pembeni. Upepo wa ziwa ulimpiga ubavuni ukaijaza suruali yake kama mifuko miwili, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alishuka. Chini yake maji yalikuwa ya kijani na mbali kulikuwa na mitumbwi. Alikuwa amepita hapa kwa kivuko mara nyingi, na kila mara alikuwa ameshika mzigo na kuangalia nani anamsukuma. Hakukumbuka hata siku moja kuyaangalia maji. Akala tende tatu, akapanda tena.

Busisi akaipita. Barabara ikaingia kwenye mashamba ya mihogo, na macho ya Sada yakawa kwenye mita zaidi kuliko barabarani. Kwenye 49.4 palikuwa na duka zuri lenye kivuli, benchi na soda za baridi. Akalitazama kwa uchungu, akalipita. Ilipogonga hamsini kamili alikuwa mbele ya nyumba moja ya bati, peke yake kando ya barabara, yenye turubai lililoanikiwa mihogo. Mama mmoja wa rika lake alikuwa anaigeuza mihogo kwa mikono.

Sada akabana breki, akashuka, akainama akishika magoti.

"Mwangaluka," akasalimia, kwa Kisukuma kidogo alichobakiwa nacho.

"Mwangaluka mhola," yule mama akajibu, akajinyoosha. "Kalibu. Unatoka wapi?"

"Mwanza, Igogo."

"Na baiskeli? Unakwenda kwa nani?"

"Nimefika."

Mama akageuka akaiangalia nyumba yake, kisha akamwangalia mgeni. "Hapa? Hapa ni kwangu. Mimi ndiye Kija. Wewe sikujui."

"Sina mtu hapa, dada. Nilikuwa nahesabu kilomita. Zimeisha hapa mlangoni kwako. Napumzika dakika kumi, nageuka."

Kija akaiacha mihogo. Aliingia ndani, akatoka na kigoda na kata ya maji. Alimwacha Sada anywe mpaka mwisho, kisha akasogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini:

"Amekupiga?"

"Nani?"

"Mume wako. Mwanamke haendeshi baiskeli kutoka Mwanza mpaka huku bila sababu. Mimi nina chumba cha nyuma. Sema tu."

Sada akacheka hadi mate yakampalia. Kadiri alivyoeleza kuhusu magoti, mota, Iqbal na elfu tatu, ndivyo uso wa Kija ulivyozidi kuwa na huruma. Hapo simu ikalia, na alikuwa Bilali. Kabla Sada hajasema haloo, Kija alinyoosha mkono, akaichukua.

"Wewe ndiye mume wake? Mke wako yuko kwangu. Ni mzima. Nakuuliza, mna ugomvi?"

Kutoka kwenye simu ilisikika sauti ya Bilali, imepanda. "Ugomvi gani? Kwako ni wapi?"

"Mwambie ni hamsini," Sada akasema.

"Anasema ni hamsini," Kija akarudia.

Bilali akairudia ile namba. Kisha wakamsikia Bilali akimgeukia mtu mwingine pale barazani na kusema, kwa sauti ambayo Sada hakuwahi kuisikia kwake: "Amefika hamsini! Hamsini nzima!" Wazee wa kahawa wakapiga makofi.

Kija akarudisha simu. Sasa aliridhika, na kwa kuwa mgeni wake hakuwa na tatizo lolote, hakukuwa na sababu ya kumwacha aondoke na njaa. Zile dakika kumi zikawa saa moja na nusu. Sada aliletewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, na bakuli la maziwa mgando. Wakazungumza habari za watoto. Kija alikuwa na wanne, wote wako Geita machimboni au wameolewa huko. Alisema tangu kivuko kiache kufanya kazi magari yanapita mbio tu mbele yake, hakuna anayesimama, na kwamba Sada ni mgeni wake wa kwanza tangu mavuno.

Wakati wa kuondoka alifunga kwenye keria mfuko wa michembe, viazi vibichi vilivyokaushwa, kama kilo tatu.

"Dada, huu ni uzito," Sada akalalamika.

"Unataka uondoke kwangu mikono mitupu, watu waseme nini?"

Kurudi kulikuwa habari nyingine. Jua lilikuwa limesimama kichwani, mapaja yalikuwa yanawaka, na tandiko ambalo asubuhi lilikuwa laini sasa lilikuwa kama ubao wa kukatia nyama. Alipovuka daraja hakuyaangalia maji. Alihesabu taa za barabarani moja moja. Baada ya Kigongo kulikuwa na mwinuko mrefu ambao asubuhi aliushuka bila hata kuuona, na sasa ulikuwa umekaa mbele yake hauna haraka. Dereva mmoja wa pikapu akapunguza mwendo, akamwita, "Mama, tupia baiskeli nyuma!" Sada alimwonyesha mkono wa hapana. Baada ya kuuonyesha akajuta, lakini gari lilikuwa limeshakwenda.

Katikati ya mwinuko alimkuta mtu anayekokota baiskeli yenye matenga mawili ya mananasi, moja kila upande, na gunia juu. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, jasho linamchuruzika hadi kwenye kandambili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na mzigo." Sada naye akashuka, akashukuru kupata sababu. Wakawa wanakokota pamoja.

Aliitwa Masalu. Alikuwa akitoa mananasi ng'ambo ya daraja na kuyafikisha Buhongwa, mara nne au tano kwa wiki. Alipoulizwa na Sada ni kilomita ngapi kwa siku, alifikiri.

"Sijui mama. Naondoka usiku haujaisha, narudi jua likizama."

Sada akapiga hesabu huku anahema. Ilikuja kama elfu kumi na tano kwa mwaka, na mananasi juu. Akaona aibu kidogo ya ile elfu tatu yake, akainyamazia. Lakini Masalu alikuwa ameona kitu kingine.

"Mama, hiyo baiskeli yako ina gia?"

"Sita."

"Na wewe huna mzigo. Unaendesha tu."

"Nina michembe kilo tatu."

Masalu akacheka kwa adabu. Walipofika juu, barabara ikawa tambarare mbele yao. Akasema, huku anaangalia chini: "Mimi tangu nimejua baiskeli sijawahi kuendesha bila mzigo. Nilirithi ya baba ikiwa na mzigo juu. Inakuwaje?"

Sada akamkabidhi usukani. "Jaribu. Mimi nashika hii yako."

Masalu akapanda, akanyonga pedali mara mbili, na baiskeli ikaruka mbele kama imesukumwa. Alipiga kelele ya furaha. Hewa ikajaa ndani ya shati lake, akabadilisha gia moja hadi nyingine kwa mlio, akaenda, akaenda, hadi akawa kidoti. Sada alibaki amekumbatia baiskeli ya mananasi. Alikuwa hajui kwamba mzigo ule una akili zake. Ukiinamia kulia unataka kwenda kushoto. Akapanua miguu, akauegemeza kiunoni, akasali.

Gari dogo likasimama. Mama mmoja akatoa kichwa dirishani. "Nanasi unauzaje, mama?"

"Mimi siyo..." Sada akaanza, akaona kwamba maelezo yatakuwa marefu na mzigo unataka kumponyoka. Akataja bei ya Igogo. Mwenye gari hakubishana, akachukua matano mwenyewe kwenye tenga la kushoto, akaweka noti juu ya gunia, akaondoka. Tenga la kushoto likawa jepesi kuliko la kulia, na Sada akaanza kuzunguka taratibu kama pia ya watoto.

Masalu alimkuta karibu aanguke. Alidaka mzigo kwa mkono mmoja. Alipoambiwa matano yameuzwa kwa bei ile, alitoa macho.

"Mama, njoo tuwe tunauza wote."

Waliagana kwa kicheko. Sada alipopanda na kuinamia mita, kicheko kikaisha. Masalu alikuwa amekwenda na kurudi kilomita sifuri nukta saba, na zote mita ilikuwa imezimeza kama za kwake.

Alizifikiria kutoka hapo hadi Usagara. Nani angejua? Masalu mwenyewe hakujua hata kama kuna mita. Na kwa haki, alisema moyoni, baiskeli ni yangu. Lakini kila alipoiangalia namba aliona ile ndala ya Masalu kwenye pedali. Alipofika Buhongwa alikuwa ameshakata shauri. Hizo zitatolewa.

Mkolani akasimama akanywa soda mbili mfululizo na kuswali kwenye msikiti wa pembeni. Nyegezi, Butimba, Mkuyuni. Kule mlimani kwa mteja hakuwa na haja ya kupanda tena. Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa kiasi cha mkono alipoingia mtaani kwake, na mtaa ulikuwa umejaa. Bilali alikuwa ametangaza. Wazee wa kahawa walikuwa wamesimama, wanawake wako vibarazani, na Iqbal alikuwa amefunga duka mapema akaja na pikipiki ya kukodi.

Sada akafika mlangoni, akaangalia: 99.2.

"Nini?" Bilali akauliza, akiona uso wake.

"Ile safari ya mlimani asubuhi. Nimekwenda nayo, kurudi sikupita huko. Bado."

"Basi shuka, unywe maji."

Sada akageuza. Kutoka mlangoni hadi kona ya msikiti ni mita mia moja. Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Miguu haikuwa yake tena, ilikuwa inazunguka yenyewe. Iqbal alikuwa anatembea pembeni mwake, ameinamia mita, akitangaza kama mtangazaji wa mpira: "Tisini na tisa nukta sita! Nukta saba!" Mara ya nne alipopita mbele ya nyumba, Iqbal akarusha mikono: "Mia! Mia kamili!" Vigelegele vikapasuka mtaa mzima.

Sada hakusimama. Alipita katikati ya vigelegele, akaelekea kona tena.

"Mama Yasmin!" Bilali akamfuata mbio na kanzu ameishika mkononi. "Imeisha! Simama!"

"Bado! Kuna nukta saba si zangu!"

"Za nani?"

"Za Masalu!"

Vigelegele vikakatika. Na kila mtu alimsikia Bilali mstaafu wa reli akiuliza, amesimama katikati ya njia:

"Masalu ndiye nani?"

Kwa sifuri nukta saba zilizobaki Sada alikuwa anaeleza kwa vipande, kila anapopita. Kwenda: alikuwa na mananasi. Kurudi: nilimwazima baiskeli. Kwenda: nilishika mzigo wake, karibu uniangushe. Wanawake wakawa wanashika mbavu. Kufikia 100.7 Bilali naye alikuwa anacheka, anajifuta macho kwa ncha ya kanzu, na ndiye aliyemdaka aliposhuka, maana magoti yalikataa. Usiku ule michembe ya Kija iliwatosha majirani wote, na Jumatatu yote Sada alikata vitambaa akiwa amesimama.

Mtu angefikiri baada ya hapo elfu tatu zingekuwa rahisi. Oktoba na Novemba zilikwenda sawa. Lakini Desemba inajulikana kwa mshonaji wa sare, na Januari ni mbaya zaidi. Wazazi walikuja na vitambaa siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, wakataka sketi kesho. Wiki tatu baiskeli iliegemea ukutani na taulo limeanikwa juu yake. Alipopata tena asubuhi zake, Februari ilikuwa imefika na mwezi wa Ramadhani uko karibu kuandama. Alijitahidi. Siku moja alikwenda thelathini na tano kabla ya kufungua baraza, kwa uchovu akashona kola mbili kinyume.

Siku ya mwisho, jioni, alipanga kwenda Pasiansi na kurudi, kwa kuwa ndizo kilomita zilizowezekana. Bilali alitangulia kwa bajaji kwenda kuagiza samaki kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na maji, waage kula mchana kabla ya kuanza mfungo. Sada alipofika aliiegemeza baiskeli kwenye mti wa mkungu, akasoma mita.

"Ngapi?" Bilali akauliza.

"Elfu mbili mia tisa na kumi na nne."

Bilali akahesabu kwa vidole. "Zimebaki themanini na sita."

"Zimebaki."

"Kuna mwanga bado. Hata kumi unapata."

Sada akaangalia barabara ya kwenda uwanja wa ndege, tambarare, imetulia, upepo mgongoni. Miguu ilikuwa mizima kabisa. Kisha akaangalia sato aliyekuwa anatolewa kwenye mafuta, ngozi inapasuka, na kachumbari iliyokuwa inakatwa pembeni.

"Nasikia njaa," akasema.

Alivua kofia akaitundika kwenye usukani, juu ya ile mita, akanawa mikono. Bilali akamsogezea kichwa cha samaki, ambacho kwa kawaida hamwachii mtu yeyote. Wakala taratibu. Mwenye kibanda, aliyekuwa akiwasikiliza, akauliza hiyo elfu mbili ni ya nini, na Bilali akafuta mdomo, akajiweka sawa kwenye benchi, akaanza kumweleza kutoka mwanzo.